Anayesimama Nyuma ya Planta

Iko siku moja bado ninaikumbuka, mwanangu, na kila mwaka theluji ya hapa Toronto ikiyeyuka, udongo ukaonekana tena chini ya miti ya barabarani, siku hiyo hunijia kama mgeni asiyebisha hodi. Ni siku tuliyopanda mahindi kwetu, karibu na Kitale, mimi na kaka yangu Barasa, kwa planta ya baba.

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usitafute hapa maneno ya vitabuni. Nitasema kama ninavyosema na wajukuu wangu. Ukiona ninakaripia, vumilia, ndivyo nilivyolelewa.

Planta, kwa wewe uliyekuta mahindi tayari yako ndani ya mkebe, ni mashine ya kupandia inayofungwa nyuma ya trekta. Ya baba ilikuwa kuukuu hata wakati ule. Ilikuwa na masanduku mawili ya mbegu, la kushoto na la kulia. Gurudumu likizunguka, sahani yenye matundu iliyo ndani ya sanduku nayo inazunguka, punje inaanguka kwenye mrija, mrija unaitia ardhini, na mnyororo unaoburutwa nyuma unaifukia. Kazi ya juma zima la majembe inaisha kwa siku moja. Lakini ilitaka watu wawili. Mmoja anaendesha, macho mbele. Mwingine anasimama nyuma kwenye ubao, anaangalia mbegu ikishuka. Na kwa kuwa trekta ile ilinguruma mpaka hujisikii ukikohoa, baba alifunga kamba. Ncha moja mkononi mwa dereva, ncha nyingine kwa anayesimama nyuma. Amri yake ilikuwa fupi: "Ukivutwa, simama. Maswali baadaye."

Msichana wa kamba nilikuwa mimi.

Mwaka ule baba alivunjika guu, wala si kwa kutosikia la mkuu. Aliteleza tu akitoka zizini. Mvua zilikuwa mlangoni, mbegu tulikuwa na ile tu tuliyonunua, na shamba lile ndilo lililokuwa ugali wetu wa mwaka mzima, sisi na mdogo wetu wa mwisho. Usukani ukaenda kwa Barasa. Dada mkubwa wa baba, Shangazi Nasimiyu, alikuwa amekuja kutuangalia, na asubuhi ile alitutazama tukifunga planta akasema, "Hakuna mbegu nyingine. Mnanisikia?" Tukasema tumesikia.

Sasa, rafiki zake Barasa walikuwa wameketi kwenye ua wa shamba kando ya barabara, wamekuja kumwona mwenzao akiendesha. Nilipovuta kamba mara ya kwanza, kwa sababu ya jiwe, akasimama, nao wakaangua kicheko. "Barasa, unaongozwa kama fahali wa mnadani!" Barasa akafungua kamba mkononi, akaitupa vichakani.

"Barasa, baba alisema—"

"Baba yuko kitandani. Mwenye usukani ni nani?"

Mwisho wa mstari akarudi nyuma bila kuinua planta. Hilo ni kosa ambalo hata mtoto wa mkulima analijua, maana mrija unajichimbia na kujaa udongo. Mimi nikaliona sanduku la kushoto. La kulia lilikuwa likishuka, la kushoto limetulia kama maji ya mtungini. Nikapiga kelele. Akadhani ninamshangilia, akapunga kofia! Nikamtupia bonge la udongo, likampata mgongoni, akaongeza mwendo.

Tulipofika mwisho nikamwambia, "La kushoto halishuki."

"Linashuka polepole."

Mstari uliofuata nikamwambia tena. Akasema kwa sauti, ili wale wa uani wasikie, "Planta ulifundishwa darasa la ngapi wewe? La nne?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Basi nikafunga mdomo. Nikajaza la kulia kila lilipopungua, la kushoto sikuligusa, na sikuficha wala sikusema. Jioni Barasa alimwambia baba kwamba mbegu imebaki kwa sababu ameendesha kwa ustadi.

Mahindi yalipoota, mwanangu, shamba lilikuwa kama shuka la mistari. Mstari wa kijani, mstari mtupu, mstari wa kijani, mstari mtupu, hadi mtoni. Shangazi alitusimamisha pale pembeni. Hakushika fimbo. Alimwambia Barasa, "Wewe ulikuwa na macho ya nyuma, ukayafungua mkononi ukayatupa. Sikio la kufa halisikii dawa." Kisha akanigeukia mimi. Nilikuwa nimesimama nimetulia, kwa maana nilijua sina kosa.

"Wewe uliona?"

"Niliona, Shangazi. Nilimwambia akakataa."

"Ulimwambia mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na tumbo la mdogo wako litaomba chakula mara mbili mwaka huu, halafu linyamaze?"

Nikatazama ile mistari mitupu.

"Ungeruka ukasimama mbele ya trekta," akasema. "Ungekuja kuniita jikoni. Lakini ulimsusia kaka yako, na shamba likalipa. Kaka yako ni mjinga wa siku moja. Wewe ulijua."

Tulirudishia ile mistari kwa mikono, kwa ile mbegu iliyobaki. Lakini aliyewahi kurudishia mahindi anajua: yale ya kwanza yameshapata jua, ya pili yanakulia kivulini, yanakuwa membamba, hayawafikii wenzake. Mwaka ule tulikula kwa kupima. Mara nyingi nilimwona Barasa akisukuma sahani yake kwa mdogo wetu na kusema ameshiba. Alikuwa hajashiba. Hakuna aliyempenda yule mtoto kama yeye.

Baadaye Barasa akawa dereva wa trekta wa kuitwa vijiji vyote, na zile injini zikamla masikio. Leo hasikii kabisa. Mimi niko Downsview, hapa Toronto, ghorofani, usiku na mchana malori ya maghala yanapita chini ya dirisha. Ninapopiga simu, binti yake anamshikia mbele ya uso, tunaangaliana tu. Juzi aligeuza simu akanionyesha shamba, likiwa limelimwa, jeusi, linangoja. Nikasogeza pua kwenye kioo kama mwendawazimu. Kumbe harufu haipiti kwenye simu. Wataalamu wameshindwa wapi hapo? Ile harufu ya tone la kwanza la mvua juu ya vumbi jekundu, ningeinunua kwa bei yoyote kule sokoni, lakini hawaiuzi.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike.

Mjukuu wangu Wafula anakaa Markham, mji wa jirani, kazi yake ni ya kompyuta. Amekodi shamba dogo kaskazini mwa huko, apande mahindi meupe ya kuchoma awauzie watu wetu. Akanunua trekta iliyochakaa, na planta iliyokuwa ikioza katika banda la mzee mmoja wa Kizungu. Mwezi wa tano akanipeleka nikaone. Nilipoweka mkono juu ya lile sanduku la mbegu, chuma baridi, masanduku mawili, kushoto na kulia, sikutaka kuondoka pale. Wakaniletea kiti.

Wafula akapanda trekta, akavaa vifuniko vya masikio. Mke wake Achieng, ambaye ni nesi, akawa anatembea nyuma na kijiti, anafukua kidogo kuona kama mbegu imeingia. Wakaenda, wakarudi. Nikamwona Achieng akimpungia mikono. Wafula akafunua sikio moja, akamjibu kwa Kiingereza, haraka haraka, kwamba kila kitu kiko sawa, ameangalia video. Akaendelea. Achieng akamwita tena. Hakugeuka. Ndipo nilipomwona yule binti akitupa kijiti chini na kukunja mikono kifuani.

Ile mikono ninaijua. Nilisimama nayo ubaoni kutwa nzima.

Nikainuka na fimbo yangu, nikaenda kusimama mbele ya trekta.

"Nyanya! Unataka kuniua kwa presha? Toka hapo!"

"Zima."

Akazima. Mimi sikumsemesha yeye. "Achieng, umeona nini?"

"Huku kushoto hakuna mbegu, Nyanya. Tangu ule mstari wa juu."

"Na mbona umenyamaza?"

"Nimemwambia. Nimechoka kumwambia." Akamtazama Wafula. "Na si planta tu."

Wafula akavua vile vifuniko. "Si planta tu, ni nini kingine?"

"Shuka kwanza ndiyo nikuambie."

Nikarudi kwenye kiti changu, nikajifanya ninahesabu kunguru. Ya mke na mume si yangu. Walisema wee, mmoja akitembea huku, mwingine kule. Kisha Wafula akapiga magoti, akazibua mrija kwa waya, bonge la udongo likaanguka na punje nyuma yake. Nikadhani atarudi juu. La! Achieng ndiye aliyepanda kwenye usukani. Wafula akaokota kijiti, akafuata nyuma, anakula vumbi.

"Polepole!" akapiga kelele.

"Sikusikii!" Achieng akajibu, lakini akapunguza.

Nilicheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi matupu, kwa sababu mtu niliyetaka aone vile, Barasa, hakuwepo, na hata kama ningempigia, ningemwelezaje?

Basi mwanangu, shika haya. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na ni kweli, ila ule mshindo huwaangukia hata wasio na kosa. Ukiona jambo linaharibika nyumbani mwako, sema. Ukikataliwa, sema tena. Ukichekwa, sema ukichekwa. Kususa si heshima, na wala si subira. Ni kulipiza kisasi kwa mdomo uliofungwa. Mficha uchi hazai. Nawe uliyeshika usukani, awe ni mke, mume, mtoto au mama mzee anayekuita kutoka nyuma, simama kwanza, maswali baadaye. Huwezi kutazama mbele na nyuma kwa pamoja, Mungu hakukuumba hivyo. Na ninyi mlio na ndugu mbali, semeni nao leo, wangali na masikio.

Mungu akujalie mtu wa kukwambia ukweli, na moyo wa kumsikiliza. Akupe mvua kwa wakati wake, mbegu iingie, na watoto wako washibe bila mtu kudanganya kwamba ameshiba. Na ukitangulia kufika kwetu kabla yangu, vua viatu, kanyaga ule udongo kwa niaba yangu, usiwe na haraka ya kuosha miguu.