Glavu Nyeupe za Kitambaa

Hadi leo nikiona glavu nyeupe za kitambaa zimening'inizwa dukani, damu inanichemka. Mimi ndiye niliyezinunua.

Tulikuwa watu sita kwenye yadi ya matofali ya saruji, pembeni ya mji wa Same. Dada yangu alishuka kutoka Vudee, kijijini kwetu milimani, kuja kufanya kazi pamoja nami. Yeye alikuwa akishindilia mchanganyiko kwa mikono kwenye fomu za kufyatulia matofali. Mimi nilishika funguo za stoo. Siku moja msimamizi akasema wakaguzi wanakuja, nikanunue glavu.

Mama mwenye duka la vifaa akaniuliza, "Za kazi gani, mwanangu?"

"Za saruji, mama."

"Saruji mbichi? Basi usichukue hizi. Kitambaa kinanyonya yale maji yake yanayounguza, kinakaa nayo kwenye ngozi kutwa nzima. Afadhali hata mikono mitupu, utanawa. Chukua za mpira, hizi ndefu."

Nikampigia msimamizi simu. Akacheka. "Glavu ni glavu. Lete nyeupe, zinatoka vizuri kwenye picha."

Nikaleta nyeupe.

Wakaguzi walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Dada akaendelea kuzivaa kwa sababu nilimpa mimi. Siku ya tatu akasema zinamuwasha. Nikamwambia avumilie, atazoea. Jioni alipozivua, ngozi ya vidole ilitoka nazo. Hakulia. Alinyoosha tu mikono mbele yangu, kama mtoto aliyevunja kikombe.

Kwenye zahanati, muuguzi alimmiminia maji kwa muda mrefu mno. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Nani aliyempa hizi?"

Nikaziokota, nikazitia mfukoni.

Asubuhi nilizichovya zile glavu kwenye saruji mbichi, nikazitupa mezani kwa msimamizi, juu ya karatasi zake.

"Zivae."

"Una wazimu wewe?"

"Glavu ni glavu, bosi. Zivae mpaka saa kumi jioni."

Akarudisha kiti nyuma kama aliyewekewa nyoka. Alijua! Hicho ndicho kinachonichoma mpaka leo. Alijua tangu mwanzo.

Nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne. Wenzangu wanne wakaweka chini makoleo, wakagoma kugusa mchanganyiko mpaka zije glavu za mpira. Zililetwa mchana huohuo, kutoka duka lilelile, mwendo wa dakika kumi kwa bodaboda. Dakika kumi!

Dada alirudi Vudee. Mikono imepona, lakini msimu wa baridi ukungu ukishuka, vidole vinapasuka hadi damu, na kukamua ng'ombe kunamshinda. Hanilaumu. Nikipanda kumsalimia ananiita mdogo wangu vilevile, ananifungia ndizi za kuondoka nazo. Natamani anitukane, angalau siku moja.