Askari Waliokosea Nyumba

Niliondoka kwangu Nyahanga kwa sababu ya siku saba. Dada yangu Kabula, mjane, alikuwa amepewa siku hizo na sungusungu, walinzi wa kijiji chake, awe amehama. Kosa lake ni vidole vilivyopinda na macho mekundu. Basi ni mchawi. Hakuna shahidi aliyehojiwa, wala maandishi yaliyowekwa. Mimi niliyetunza majalada ya serikali hadi kustaafu sikuweza kuikubali hukumu ya namna hiyo.

Siku ya pili, alfajiri, mimi na Kabula tulipanda basi la Shinyanga kutafuta ushahidi wa daktari.

"Mama, jishikilie!" kondakta akamhimiza Kabula.

"Ningekuwa na mikono ya kujishikilia, mwanangu, saa hizi ningekuwa shambani."

Abiria wakacheka, naye akacheka.

Mchana tulifika hospitali ya misheni, nje ya mji. Daktari, binti wa Kisukuma, alimkagua Kabula viganja na magoti, akamtoa damu. Tulilala huko tukisubiri majibu.

Siku ya tatu alituita. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Eleza taratibu, ninaandika."

"Ni baridi yabisi. Damu ina askari wa kuulinda mwili. Baadhi yao huitwa seli T; hao humtambua adui na kuwaamuru wenzao. Kwa mama huyu wamekosea. Wameviona viungo vyake kuwa adui, na wengine wanafuata amri. Ndiyo maana vinavimba na kuliwa. Macho nayo yanakauka, yanakuwa mekundu."

"Nani kawatuma?" Kabula akauliza.

"Hakuna, mama. Kwa nini wanakosea, hata wataalamu bado wanatafuta. Dawa itapunguza maumivu. Vidole vilivyopinda havitanyooka."

Nilimwomba ayaandike yote kwa Kiswahili na kugonga mhuri.

"Mhuri wa nini, mzee?"

"Kijijini, binti yangu, karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia karanga."

Siku ya tano tulirudi. Mtemi, kiongozi wa sungusungu, aliitisha mkutano, nami nikaisoma karatasi ya daktari neno kwa neno.

"Karani anatudanganya!" mmoja akapaza sauti. "Askari gani anashambulia nyumba aliyopewa kuilinda?"

Kabula akainua mikono yake. "Nyie je? Ulipopigwa mwano, ule ukelele wa hatari, si mlimfunga kamba Masanja, mwenye ng'ombe walioibwa, mwizi akaenda zake?"

Wanawake wakaangua kicheko. Masanja, aliyekuwa ameketi palepale, akakunja mkono wa shati. "Alama ninazo."

Mtemi aliutazama mkono ule. "Mama abaki," akasema.

Hakuna aliyeomba radhi, na hilo nimeliandika. Nililojifunza ni kwamba askari aliyekosea nyumba hana upungufu wa nguvu; anahitaji wa kumwambia amekosea. Wale walio katika damu ya dada yangu hakuna anayeweza kuwaambia. Wa kijijini tuliwaambia.

Nakala ya karatasi iko katika jalada langu. Ile yenyewe Kabula ameibandika mlangoni, mhuri ukitazama njia.