Puto kichwani: nilivyooteshewa ngozi ya kufunika kovu la moto

Wakuu, salaam kutoka Masasi. Hili limenipata mwenyewe na sitalitia chumvi. Chumvi yenyewe mtaikuta mbele.

Mimi ni mwalimu, kwetu Mnyambe, Newala. Nikiwa mdogo, mama alikuwa anachoma korosho kwenye bati. Mnaojua korosho mnayajua yale mafuta ya ganda. Yaliwaka, yakanirukia kichwani.

Nikapona, ila juu ya sikio la kushoto likabaki kovu pana, halioti hata unywele mmoja. Tangu hapo ni kilemba tu. Mafuta ya kuotesha nywele nimepaka yote, mengine yananuka hadi wanafunzi wanahama dawati la mbele.

Mwaka juzi daktari wa upasuaji huko Dar akaniambia kitu nikadhani ananitania.

Wanaweka puto tupu chini ya ngozi nzima, pembeni ya kovu. Kidonda kikipona, wanalijaza maji ya chumvi kwa sindano, kidogo kidogo kila wiki. Ngozi inatanuka na nyingine inaota. Ikitosha, puto linatolewa, kovu linakatwa, ile ngozi ya ziada inavutwa kufunika pale, pamoja na nywele zake.

Nikauliza, "Sasa hiyo ngozi inatoka wapi?"

Akacheka. "Ya tumbo la mjamzito huwa inatoka wapi?"

Jamani, nilikubali nusu kwa shida yangu, nusu kwa udadisi.

Puto niliwekewa Dar, ila sindano za kujaza nilichomwa huku huku Masasi, na nesi aliyepewa maelekezo. Siku ya sindano kichwa kinabana kama kilemba kilichofungwa kwa hasira, kesho yake kinalegea. Kila asubuhi nipo kwenye kioo nakagua.

Likizo nikaenda nyumbani, uvimbe umefika ukubwa wa bibo nono, lile tunda la mkorosho. Sijamaliza hata shikamoo, mama akaangua kilio, akaniita kwa jina la mwanangu kama kawaida yake.

"Mama Neema, kesho twende wakalitoe!"

Nikamweleza kwamba likitolewa sasa, kovu linabaki.

"Libaki! Nilikuunguza mara moja, sitaki nikuzike."

Miaka yote hakuwahi kulitaja lile kovu. Kusema kweli nikaanza kufikiria kulitoa.

Bibi, mama yake mama, akanivua kilemba, akapapasa.

"Wanalijaza kwa haraka?"

"Hapana bibi, kidogo kidogo."

Akamgeukia mama. "Wewe hukumwona mama yangu na ndonya yake mdomoni? Alitobolewa mdomo wa juu, akaanza na kijiti chembamba. Mdomo ukizoea, wanaweka kikubwa zaidi. Mwisho alibeba gogo pana kama kifuniko, na mdomo haukuchanika. Mwache mtoto."

Mama hakusema ndiyo. Ila sindano iliyofuata alinisindikiza, akamuuliza nesi maswali kuliko mimi.

Operesheni ya pili, ya kutoa puto na kukata kovu, ikaenda vizuri. Nywele zilipofika za kusukika, mama akaniita nikae chini, kati ya magoti yake. Alipofika juu ya sikio, mikono ikasimama. Nikasikia anavuta pumzi, kisha akaendelea na mstari wake. Mimi ndiye niliyelia.

Wakuu, kovu la zamani msilikatie tamaa, muoneni daktari. Ila jipangeni kwa subira na usafi, maana puto likiingiwa na wadudu linatolewa kabla ya wakati. Na mnaokaa nao nyumbani waelezeni mapema, pengine wanaumia kuliko nyie.

Kuna aliyewekewa puto shingoni au mguuni? Ilikuwaje? Ulizeni na nyie chochote. Mama yupo hapa pembeni, maswali ya hofu atayajibu yeye.