Anésie Anayechoma Msitu

Mimi na Anésie tunachoma msitu kwa mshahara. Nikiwaambia watu wa kanisani hivyo wanacheka, maana wote wanakumbuka ule msimu wa kiangazi moto ulipokula misitu ya huku mpaka jua la Sydney likawa jekundu mchana kweupe. Wanauliza, na nyinyi tena mnawasha? Ndiyo, tunawasha. Ni moto mdogo wa wakati wa baridi, unaotambaa chini ukila majani makavu na matawi yaliyoanguka, ili ule mkubwa wa kiangazi ukija usikute chakula. Tena kuna miti hapa ambayo ganda la mbegu zake halifunguki mpaka liungue. Nimeeleza hayo mpaka nimechoka. Asiyetaka kuelewa, basi.

Anésie ni Mrundi, mimi ni Mkongomani wa Butembo, na tuko kikosi kimoja upande wa Minto. Mwanamke huyu hajui kutulia. Kwenye treni viti vitupu ni tele, yeye kasimama mlangoni. Chakula cha mchana anakila akitembea, ananitia kizunguzungu. Siku ya kuchoma ndiyo anazidi: analowesha kidole kupima upepo, anaokota jani na kulikunja asikie kama litavunjika, kisha anarudi kuokota jingine. Ila kazi anaiweza. Ile mikaratusi mizee yenye mashimo ambamo kasuku hutaga, huwa tunapitisha reki shinani na kuondoa takataka zote ili moto usiipande. Ya Anésie haijawahi kuungua. Ya kwangu, tuyaache.

Jumatano ile hali ya hewa ilikuwa imekubali baada ya kutuchezea kwa wiki nyingi. Tukiikosa, msitu ule ungeingia kiangazi na mzigo wake wote wa majani, na nyumba za watu ziko pale pale ukingoni. Vibao vilikuwa vimesimamishwa, njia zimefungwa kwa utepe. Wenzetu wawili walipita ndani na kipaza sauti, wakiita kwamba aliyemo atoke. Hakuna aliyejibu. Tukashika makopo yetu ya moto, yale yanayodondosha mafuta yanayowaka.

Mara Anésie akaja mbio kutoka nyuma ya maghala yaliyo ukingoni mwa msitu.

"Kyakimwa, njoo uone kitu."

Akanipeleka kwenye kijia chembamba ambacho hakuna aliyekumbuka kukifunga. Watu hutupa magodoro na matairi pale. Kando ya godoro moja palikuwa na viatu vya wanawake, vimepangwa safu, pea kwa pea.

"Hivi vyeusi vya mpira ni vya Mama Spéciose," alisema. "Nilimununulia miye mwenyewe. Ametoka asubuhi amefunga kula, nikafikiri anaenda kwa Habonimana tu."

Mama Spéciose ni mama mkwe wake, na ndiye kiongozi wa wanawake wa maombi. Hupenda kuomba porini, miguu mitupu, simu zimezimwa. Wapi hasa hawasemi, kwa sababu waliwahi kufukuzwa kwenye bustani moja kwa kelele zao. Anésie alipiga simu ya mama mkwe, ya Habonimana ambaye naye ni wa maombi, ya mwingine tena. Zote zimezimwa.

Tukamwendea bosi. Si mtu mbaya, ila siku hiyo macho yake yalikuwa kwenye upepo tu. Akasema vile viatu ni takataka kama takataka nyingine za pale. Kama kuna watu mle wangeitika, kipaza sauti kile hata kiziwi angekisikia. Mchana ukizidi upepo utageuka, na siku itakuwa imekwenda.

"Boss, ukiwaita hivyo hawatoki," Anésie alisema, mikono haitulii. Akamweleza kwa Kiingereza chake cha haraka haraka. Kwenye kambi yao ya wakimbizi Tanzania, kwenda porini kutafuta kuni kulikatazwa. Wanawake walikwenda hivyo hivyo, watoto wale nini? Wakisikia sauti za walinzi, walilala kifudifudi kwenye majani, kimya, mpaka walinzi wapite. Yeye mwenyewe alilala hivyo mara nyingi, ubavuni mwa huyo huyo Mama Spéciose.

"Kama wamenyamaza," alisema, "ndiyo wamo."

Bosi akashusha redio yake na kusema twende, lakini tusikawie.

Tuliingia tukiita majina. Anésie alitangulia, akiruka magogo, akiita Mama, Mama Spéciose, ni mimi. Hakuna kitu. Nilianza kuona aibu kwa ajili yake, nikiwaza tutakavyotoka mikono mitupu. Halafu akafanya jambo tusiloruhusiwa kabisa kwenye eneo la moto. Alivua helmeti, akavua koti la njano la kikosi, akanitupia vyote. Akabaki na fulana na kitambaa kichwani, akaita tena kwa Kirundi, polepole.

Majani yakatikisika karibu sana, karibu kiasi kwamba ningeweza kuwakanyaga. Wakainuka mmoja mmoja, udongo umewashika kwenye mashavu. Mama Spéciose akaushika mkono wa Anésie kwa nguvu.

"Sauti yako niliijua tangu mwanzo, mwanangu," alisema. "Ni hiyo nguo, kama ya walinzi wale. Nikasema, hata huyu sasa wamemutuma."

Tukawatoa mpaka barabarani, Mama Spéciose bado amemshika Anésie mkono. Bosi akawaletea maji, wakakataa kwa kuwa wamefunga, naye akadhani wamemkasirikia. Akalowesha kidole, siku hizi hata yeye ameambukizwa, akasema upepo bado ni mzuri, tuwashe.

Nikampa Anésie vitu vyake. Akavaa helmeti. Akaingiza mkono mmoja kwenye koti, kisha akataka ule wa pili, na Mama Spéciose akauachia. Hakuuachia kama mtu anayempisha mwenzake avae. Alirudi nyuma kabisa, akaenda kusimama na wale wanawake wengine.

Niliumia, na nilimkasirikia yule mzee, ingawa kosa lake silioni mpaka leo. Anésie alifunga zipu, akachukua kopo lake, akainama na kuwasha.