Uso wa Mzee Yesaya

Pale hospitalini Dar, Daktari Ferista akipita koridoni hata wauguzi wazoefu hunyoosha migongo. Ndiye mkuu wa kitengo cha upasuaji wa moyo, na mdomo wake hauna breki. Lakini akifika Ihanda, ukweni kwake, ni Mama Goodness tu, tena anajibanza nyuma ya jiko kama mwizi wa kuku.

Familia ile imeshika mila: mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Ferista, binti aliyekulia kwenye maduka ya Tunduma, alipoolewa na Deus aliicheka, kisha akaizoea. Miaka kumi na tisa alimjua baba mkwe wake, Mzee Yesaya, kwa sauti na kikohozi tu. Na jamani, alimpenda! Alipopata nafasi ya kusomea upasuaji India ndugu walinung'unika, mtoto bado mchanga. Mzee akawaambia wamwache asome. Goodness akalelewa Ihanda kwa uji wa ulezi mpaka mama yake aliporudi.

Mwaka jana, msimu wa kuchuma kahawa, Ferista alimsikia mzee akihema upande wa pili wa ukuta. Kuhema kule alikujua. Vipimo vikaonyesha vali mbili za moyo zimechoka kabisa. Hospitalini mwao aliyeweza kuzibadilisha zote kwa mkupuo ni yeye peke yake. Msaidizi wake, Daktari Clever, alikuwa bado hajaiva kwa kazi hiyo. Uongozi ukauliza maswali kuhusu daktari kumpasua mkwewe, ukakubali.

Mzee akakataa katakata. Mkwe amwone kifua wazi? Alimwambia Deus kwamba bora afe na heshima yake. Ferista alilia pale jikoni, wala hakuficha. Kisha akasema kupitia ukuta:

"Baba, nikipasua huwa simwoni mtu. Mwili wote unafunikwa. Naona moyo tu."

Mzee akajibu kwamba basi uso wake ufunikwe kabla mkwe hajaingia, na usifunuliwe mpaka ametoka.

Ikawa hivyo. Clever alimlaza mzee, akamfunika, ndipo mkuu wa kitengo akaingia. Alisimama saa sita. Mikono yake ilitulia. Roho ndiyo iliyokuwa juu juu mpaka alipoona moyo wa mzee umeanza kudunda tena.

Siku ya tano madaktari walipopita wodini, Ferista alijibanza nyuma ya pazia huku Clever akimpima mzee. Wanafunzi wa udaktari wakakodoa macho: huyu ndiye anayewakoromea kila siku?

"Mama Goodness yuko wapi?" mzee akauliza.

Clever aliangalia pazia.

"Toka huko, mwanangu. Moyo wangu umeushika mkononi. Uso nikufiche wa nini tena?"

Ferista akatoka, kichwa chini. Alipokiinua, usoni mwa mzee akakutana na macho ya binti yake Goodness, yamezeeka tu.