Hapana niliyomwambia Mzee Goikoiturri

Leo nimemdanganya mzee wa watu, na roho inaniuma.

Mnajua niko reception ya hoteli hapa Marina. Asubuhi mzee mmoja Mbasque kutoka Uhispania alikuwa anaondoka, nikashindwa kutamka jina lake. Goikoiturri.

Akacheka. Akaniambia maana yake ni chemchemi ya juu. Lilikuwa jina la nyumba moja tu mlimani kwao, na waliozaliwa humo wote wakaitwa hivyo. Ndugu za babu yake walihamia Ajentina, habari zao zikapotea. Kijijini amebaki yeye peke yake.

Kisha akauliza, "Umewahi kumpokea mgeni mwingine wa jina hili?"

Jameni.

Wiki iliyopita nilimpokea dada kutoka Ajentina. Goikoiturri, herufi kwa herufi.

Lakini habari za wageni hatutoi. Nikaogopea kazi yangu, nikasema, "Hapana, sir."

"Nilijua tu," akasema. Akachukua begi lake, akaingia kwenye teksi ya kwenda uwanja wa ndege.

Nikamsimulia supavaiza wangu. Akanishangaa: "Si ungechukua namba ya mzee, umwandikie huyo dada aamue mwenyewe?"

Rahisi hivyo! Na mimi nilikuwa nimesimama tu pale.

Namba ya mzee hatuna. Chumba alitafutiwa na wakala, na wakala hajajibu. Kwa ruhusa ya supavaiza nikamwandikia dada, nikamweleza yote.

Amejibu sasa hivi: "Yuko wapi?"

Nyinyi mngemwambia nini?