Rula Iliyoishia Tatu

Kwa miaka thelathini na moja mpima maji, ambaye bandarini walimwita Babu Rula, alisoma ubao wa namba uliosimikwa gatini kila maji yalipojaa. Ubao uliishia mita tatu. Bahari ilipoumeza wote, aliuliza ofisini aandike nini.

"Andika unachokiona, mzee," mkubwa wake alimjibu. "Usitubunie namba."

Akaandika tatu. Tatu, tatu, miaka sita mizima.

Leo imefika ripoti ya watafiti: bahari imeacha kupanda kwenye mita tatu, ukuta wa kuzuia maji mtaani kwake haujengwi tena. Mkewe alimsomea huku amekunja gauni magotini, maji ya chumvi yakizunguka miguu ya kitanda.

"Mwishoni wamekushukuru," akasema. "Kwa jina."